VIP, katikati au balkoni? Kulinganisha viti vya kumbi za zamani kabla hujatoa makuta (pesa)

Mtu wa Lubumbashi akienda kununua tiketi ya mchezo huulizwa swali moja tu: ya kawaida au VIP? Mtu huyohuyo akifika Brussels kumtembelea yaya yake, yaani ndugu yake mkubwa, wakaamua kwenda opera, simu inamfungulia ramani ya ukumbi yenye rangi tano au sita. Kila rangi ina bei yake, na penginepo pameandikwa kwamba jukwaa halionekani lote. Maswali hayo mawili ni ndugu. Yote yanataka kujua uko tayari kulipia cheo gani, na hakuna hata moja linalotaka kujua miguu yako ni mirefu kiasi gani, au kama sikio lako la kushoto bado linafanya kazi.

Ndiyo maana ninalinganisha viti hapa bila kufuata majina yaliyoandikwa kwenye tiketi. Nitafuata magoti, mgongo, macho, masikio, halafu mfuko. Nitachanganya kumbi za kwetu na zile za Ulaya, maana familia nyingi za hapa zina mtu Ubelgiji au Ufaransa, na siku moja utaalikwa.

Cheo kwanza, starehe baadaye

Kumbi za zamani za Ulaya, kama La Scala ya Milano iliyofunguliwa mwaka 1778 au Palais Garnier ya Paris ya mwaka 1875, zina umbo la herufi U. Chini kuna viti vya sakafuni, na kuzunguka kuta kuna ghorofa za loji, yaani vijumba vidogo vya watu wanne hadi sita. Ukitazama ramani utaona jambo la ajabu: loji za pembeni hazitazami jukwaa, zinatazamana zenyewe. Halikuwa kosa la fundi. Matajiri wa wakati ule walikodi loji ili waonekane na matajiri wenzao, wajue nani amekuja na nani. Mchezo ulikuwa sababu ya kutoka nyumbani.

Leo loji hizohizo bado zinauzwa. Wa kwanza katika loji ya pembeni, aliye ukingoni kabisa, anaona robo tatu ya jukwaa akijipinda kiuno. Wa nyuma yake anaona nusu. Wa nyuma kabisa anaona kisogo cha wa mbele na taa ya dari. Palais Garnier ina viti 1,979, na kati yake kuna vinavyouzwa kwa bei ndogo kabisa huku imeandikwa wazi kwamba hakuna unachoona. Basi ukiona loji ya bei nafuu, usishangilie kabla hujauliza ni kiti cha mstari wa ngapi ndani yake. Loji ya katikati, inayotazama jukwaa uso kwa uso, ni habari nyingine. Ile ina thamani, na ndiyo maana wafalme waliketi pale.

Mwaka 1876 ukumbi wa Bayreuth, Ujerumani, ulivunja desturi hiyo. Viti vyote vilipangwa kama pepeo lililofunguliwa, loji za pembeni zikaondolewa, na kila mtu akatazama mbele. Macho yalishinda. Mgongo ulishindwa: viti ni vya mbao ngumu, kwa sababu sponji na kitambaa kizito vinameza sauti, na hadi leo watu huenda pale na mto mkononi kusikiliza opera za saa nne au tano katika joto la Julai na Agosti. Ni ukumbi ninaoutaja kila mtu anaponiambia kiti kizuri ni kile chenye godoro nene. Huwezi kupata kila kitu, na ukumbi wa zamani hukulazimisha kuchagua.

Kwetu Lubumbashi mambo yalianza baadaye. Ukumbi wa mji, ambao sasa tunauita Jengo la 30 Juin, ulijengwa kati ya 1953 na 1956 kwa michoro ya Claude Strebelle, Mbelgiji huyohuyo ambaye mkono wake umo katika Makumbusho yaliyo jirani. Kwa Ulaya hilo ni jengo changa. Kwa mji uliozaliwa mwaka 1910 ni mzee. Limekaribisha wasanii na limekaribisha siasa pia, hata Bunge la Mkoa likakaa humo. Yaani jukwaa letu kubwa kuliko yote limesikia hotuba nyingi pengine kuliko michezo, na katika hotuba mpangilio wa viti ni uleule wa zamani: mkubwa mbele.

VIP ya mbele

Tukubali kwanza VIP yetu ni nini. Kuna VIP ya kweli, fotei (makochi) za sebuleni zilizopangwa mstari wa kwanza na wa pili, na meza ndogo yenye chupa za maji. Kuna na VIP ya kitambaa: kiti kilekile cha plastiki cha nyuma, kimevishwa nguo nyeupe na kufungwa utepe mgongoni. Bei ya hii ya pili hulipia utepe.

Fotei ya sebuleni inapendeza kwa nusu saa. Imetengenezwa kwa mtu anayeegemea nyuma na kuzungumza na mgeni aliye mbele yake kwa kimo kilekile. Ukikaa inakuzamisha, makalio yanashuka chini ya magoti, na macho yako yanashuka nayo. Mtu mzima aliyekaa kwenye kiti cha kawaida macho yake yako kama mita 1.1 au 1.2 kutoka sakafuni. Kwenye fotei laini yanapungua. Jukwaa likiwa na kimo cha mita moja hivi, na wewe uko hatua tatu kutoka ukingoni, unaona viatu vya mchezaji aliye karibu na kichwa cha yule aliye nyuma, basi. Ngoma ikichezwa huoni nyayo zinavyokanyaga, na katika ngoma za kwetu nyayo ndiyo maneno yenyewe. Shingo inabaki imeinuliwa saa mbili. Halafu kuna bafle, yaani spika kubwa. Kwa kawaida zimewekwa pembeni mwa jukwaa, sawasawa na masikio ya mstari wa kwanza, na fundi wa sauti anazipandisha mpaka mtu wa mlangoni asikie. Wewe wa VIP ndiye unayelipa deni hilo.

Faida ya mbele ipo, nisionekane ninachukia wakubwa. Mchezaji mmoja, hadithi ya sauti ya chini, hakuna maikrofoni: hapo mstari wa pili au wa tatu ni tamu, unaona jasho linavyoanza kwenye paji la uso, unaona mtu anavyomeza mate kabla ya kusema uongo. Pia mwenye macho dhaifu hana mjadala. Lakini kwa onyesho lenye muziki na watu wengi jukwaani, ninapita mbele ya VIP bila wivu.

Katika kumbi za zamani za Ulaya mstari wa kwanza una shida nyingine: shimo la wanamuziki. Jukwaa linaanza mbali, na kati yako na waimbaji kuna mikono ya kondakta na kelele za tarumbeta. Bei ya mstari huo ni kubwa. Ipishe.

Katikati, na kwa nini sakafu ni kila kitu

Hapa ndipo makuta mengi yanapotupwa au kuokolewa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Wajenzi wa kumbi wana hesabu moja ndogo. Ili uone jukwaa bila kusumbuliwa na aliye mbele, mstari wa macho yako unapaswa kupita juu ya macho yake kwa sentimita 12 hivi, nafasi ya kichwa chake. Ikiwa sentimita 6 tu, bado utaona, ila kwa kupenya kati ya vichwa viwili. Sentimita hizo huja kwa njia mbili: sakafu iwe na mteremko au ngazi, au viti vya mstari wako vipangwe vikipishana na vya mbele, usikae nyuma ya mtu moja kwa moja.

Sasa ingia katika ukumbi wowote wa parokia katika mitaa yetu ya Katuba, Kenya au Kamalondo. Sakafu ni sawa kama meza, kwa sababu kesho yake kuna harusi au mkutano wa wazazi. Hakuna sentimita 12. Kilichopo ni kilemba cha mama aliye mbele yako, naye ana haki ya kukivaa. Katika ukumbi wa namna hiyo katikati ni jina tu. Kuanzia mstari wa sita unamtazama mchezaji kuanzia kifua kwenda juu. Chagua hivi: mstari wa tatu au wa nne, kiti cha ukingoni mwa njia. Njia haina kichwa. Unapoteza kidogo upande wa mbali wa jukwaa, unapata mstari safi wa macho kupita juu ya njia, na unapata pa kunyoosha mguu mmoja. Ukiona protokoli wanapanga viti vya plastiki saa ya kuingia, usiogope kukivuta chako nusu hatua kando ya cha mbele. Kijana wa protokoli atakutazama vibaya, halafu atakuacha.

Katika ukumbi wenye mteremko wa kweli mambo yanageuka. Hapo katikati ni katikati. Theluthi ya pili ya ukumbi, si nyuma sana, ndiyo sehemu ambayo sauti imeshachanganyika vizuri na jukwaa zima linaingia machoni bila kugeuza shingo. Kipimo cha mwisho wa nyuma kwa mchezo wa maneno ni kama mita 20 kutoka jukwaani. Ukizidi hapo sura ya mchezaji inaanza kuwa doa. Opera na ngoma zinavumilia umbali mkubwa zaidi, kwa sababu mwili mzima unasema.

Jihadhari tu na nyuma ya chini, chini ya balkoni. Bei yake mara nyingi ni sawa na ya katikati, na kitaalamu bado uko sakafuni. Lakini balkoni iliyo juu yako inakata sauti inayorudi kutoka darini. Wataalamu wa sauti wanasema kina cha sehemu iliyofunikwa kisizidi kimo cha uwazi wake wa mbele. Kumbi nyingi za zamani hazikusikia ushauri huo kwa sababu haukuwepo. Ukikaa mle ndani kabisa unasikia muziki kama unatoka nyumba ya jirani. Kwa mchezo wa Kiswahili, na huku kwetu tumelelewa na kundi la Mufwankolo ambalo utamu wake wote uko katika kujibizana haraka, kupoteza nusu ya maneno ni kupoteza mchezo. Mtu wa mbele anacheka, wewe unauliza "amesema nini?", na jirani yako akishakueleza, kichekesho cha pili nacho kimepita.

Balkoni ya kwanza

Kama ningeruhusiwa kununua kiti kimoja kwa kufumba macho katika ukumbi wa zamani nisioujua, ningechukua mstari wa kwanza wa balkoni ya kwanza, katikati. Hakuna kichwa mbele. Sauti inapanda. Unaona jukwaa lote na sakafu yake, hivyo ngoma inasomeka kama ilivyopangwa. Na kwa sababu ya mazoea ya cheo, mara nyingi ni nafuu kuliko fotei za chini. Hapo ndipo bei na thamani zimeachana, na anayejua anafaidi.

Kasoro zake ni mbili. Ya kwanza ni chuma cha usalama kilichoongezwa juu ya ukingo wa balkoni. Kwa mtu mrefu hakionekani. Kwa mtoto, au mama mfupi, chuma kinapita sawasawa katikati ya jukwaa, na atautazama mchezo wote akiwa ameinama au amejinyoosha. Kwa watu hao mstari wa pili au wa tatu wa balkoni ni bora kuliko wa kwanza. Ya pili ni magoti: katika majengo mengi ukuta wa ukingo uko karibu mno, na huwezi kuweka miguu chini ya kiti cha mbele kwa sababu hakipo.

Macho hayana pazia, lakini ukumbi wa zamani una nguzo. Kabla ya miaka ya 1890 balkoni zilishikiliwa na nguzo za chuma zilizosimama katikati ya watazamaji. Kisha wachora ramani kama Frank Matcham wa Uingereza wakaanza kutumia mihimili ya feleji iliyoingizwa ndani ya ukuta, balkoni ikaning'inia yenyewe. Basi mwaka wa jengo unakupa dalili: likiwa la zamani kuliko hapo, uliza nguzo. Swali ni fupi: "Mama, mbele ya kiti hiki kuna nguzo?" Muuza tiketi mwaminifu atakujibu, na wa mtandaoni ana wajibu wa kuandika.

Juu kabisa

Balkoni ya pili na ya tatu ni sehemu ya wanafunzi, na ninaiheshimu. La Scala sehemu hiyo ya juu ndiyo inayoogopwa na waimbaji: wanaokaa pale ndio wanaojua kila noti, na wakichukia wanazomea. Sauti juu ni nzuri ajabu. Mwili ndio unaoteseka. Ngazi ni nyembamba, mteremko ni mkali, mistari imebanana. Apollo ya London, ya mwaka 1901, ilisifika kwa balkoni yenye mteremko mkali kiasi kwamba watu wenye kizunguzungu walishika kiti wakishuka. Kama unaogopa urefu, okoa makuta yako kwa njia nyingine.

Apollo hiyohiyo ndiyo iliyowakumbusha watu kutazama juu. Tarehe 19 Desemba 2013, mchezo ukiendelea, sehemu ya dari yake iliwaangukia watazamaji na zaidi ya 70 wakaumia. Uchunguzi ulieleza kwamba plasta ilikuwa imefungiwa kwenye mbao kwa vitambaa vya gunia vilivyochakaa kwa umri. Ninalitaja kwa sababu sisi tunakaa chini ya dari za umri wa kati na mabati yanayovuja. Ukiona duara za maji za rangi ya chai darini na ubao umeanza kushuka tumbo, usikae chini yake hata kama kiti ni cha bure. Hiyo si starehe tena, ni uhai.

Joto nalo linapanda. Oktoba kabla ya mvua, balkoni yoyote isiyo na feni inageuka tanuri, na ndani ya saa moja utakuwa unajipepea kwa programu ya mchezo badala ya kuisoma. Juni na Julai ni kinyume: usiku wa Lubumbashi una baridi ya kweli, ngazi za zege zinanyonya joto la mwili, na wa juu ndio wanaopona.

Kiti chenyewe

Tuache mahali, tuguse kiti. Kiti cha kukunja cha ukumbi wa zamani kina mahameli juu, chini yake springi au sponji, chini yake ubao. Sehemu inayokufa kwanza ni ukingo wa mbele, pale mapaja yanapopumzika. Watu elfu wameukalia, sponji imekuwa nyembamba kama kadibodi, na ubao unakata damu ya miguu. Jipime mwenyewe: weka ngumi ukingoni mwa kiti na ubonyeze kwa uzito. Ukihisi mfupa wa mbao mara moja, utakuwa unabadilisha paja kila robo saa. Kisha achia kiti kijikunje. Kikirudi polepole au kikabaki wazi, springi yake imechoka, na kila atakayepita mbele yako atakukanyaga, kwa sababu nafasi ya kupita hupimwa kiti kikiwa kimekunjwa.

Nafasi hiyo ni ndogo kuliko unavyofikiri. Sheria za ujenzi Marekani zinakubali inchi 12 tu, yaani sentimita 30 na nusu, kati ya kiti kilichokunjwa na mgongo wa kiti cha mbele, katika mistari isiyozidi viti 14 kati ya njia mbili. Na hiyo ni sheria ya sasa. Kumbi zilizojengwa wakati watu walikuwa wafupi zaidi na wenye kujaza mistari kwa tamaa ya mapato zinabana zaidi. Mtu wa mita 1.85 asinunue kiti cha ndani ya mstari katika jengo la karne ya 19, hata akipewa zawadi.

Kiti cha plastiki, tukilinganisha kwa haki, kina ushindi wake. Kinasogea. Unajipimia nafasi ya magoti mwenyewe. Kina mikono. Mgongo wake umepinda kidogo, na kitenge kilichokunjwa mara nne kikiwekwa kiunoni kinakifanya kiwe bora kuliko fotei nyingi za mahameli zilizochoka. Adui yake ni jasho, na miguu inayofunguka taratibu chini ya mtu mzito kwenye sakafu ya marumaru. Benchi lisilo na mgongo ni la mwisho katika orodha yangu, isipokuwa limesukumwa ukutani. Hapo ukuta unakuwa mgongo, na benchi la ukutani linalishinda benchi la mbele siku zote.

Strapontini na kusimama

Wafaransa na Wabelgiji wana strapontini, kile kiti kidogo kinachokunjuliwa ukingoni mwa mstari, kwenye njia. Hakina mikono, mgongo wake ni mfupi, na kila anayechelewa anakuinua. Kwa mchezo wa saa moja na nusu ni mapatano mazuri, maana uko sehemu ya bei kubwa kwa bei ndogo. Kwa saa tatu, hapana.

Kusimama kunashinda strapontini kwa thamani, kama miguu ni mizima. Opera ya Vienna, iliyofunguliwa 1869, inauza mamia ya nafasi za kusimama kwa bei ndogo, nyingine ziko nyuma ya sakafu mahali ambapo aliyekaa amelipa mara nyingi zaidi. Kwa miaka mingi watu walifunga skafu kwenye chuma cha kuegemea kuonyesha kwamba nafasi ina mwenyewe, na hakuna aliyeigusa. Globe ya London, iliyojengwa upya na kufunguliwa 1997 kwa mfano wa ukumbi wa enzi ya Shakespeare, ina nafasi 700 za kusimama uani, wazi kwa mvua, na kwa miaka mingi ziliuzwa kwa pauni 5. Walioketi juu wako kwenye mabenchi ya mbao na wanakodi mito. Pale ninasimama bila kufikiri mara mbili: unaegemeza viwiko kwenye jukwaa lenyewe.

La Monnaie ya Brussels, ambayo ndiyo mtu wa kwetu ataiona kwanza, ilijengwa upya na Joseph Poelaert mwaka 1856 baada ya moto. Ni ukumbi wa U wenye viti vinavyozidi elfu moja tu, kwa hiyo hata mbali si mbali sana. Fuata kanuni ya juu: katikati ya balkoni kabla ya pembeni ya chini, na katika loji kiti cha mbele au usinunue.

Mambo ambayo ramani ya viti haionyeshi

Mvua. Kuanzia Novemba mpaka Machi, mvua ya jioni ikipiga mabati, mchezaji hasikiki kupita mstari wa tano, na hakuna bafle itakayoshindana. Msimu huo ninasogea mbele kuliko kawaida, hata kama shingo italalamika.

Jenereta. Umeme ukikatika, itawashwa, na mara nyingi iko nje ya mlango wa pembeni ulioachwa wazi kwa ajili ya hewa. Ukifika mapema zunguka jengo, uone imewekwa wapi, kisha ukae upande wa pili. Moshi wake pia unajua njia.

Na kuchelewa. Tiketi nyingi zetu hazina namba, kwa hiyo kiti bora ni cha anayefika saa iliyoandikwa, huku wenzake wakiamini mchezo utaanza saa moja baadaye. Saa hiyo ya kungoja ndiyo bei halisi ya kiti kizuri hapa mjini.

Ukimleta nkambo (babu au bibi), mpe ukingo wa njia, mstari wa nne, karibu na mlango wa msalani, na wewe uchukue kiti cha kando yake cha ndani. Mama mwenye mtoto mchanga akae nyuma ya mwisho karibu na mlango. Atatoka mara mbili, na hakuna atakayemkunjia uso. Kijana mrefu apande juu au akae pembeni, na asibishane. Mkiwa wanne, msilazimishe kukaa mstari mmoja, maana wanne mfululizo lazima mmoja wenu aangukie nguzo au ndani kabisa. Chukueni wawili mbele na wawili nyuma yao, mkiwa mmepishana nusu kiti. Wafupi mbele. Karanga zipitishwe kwa nyuma.